Pima Sikio Kwanza: Uchambuzi wa Stendi za Spika Ndogo

Katika sebule nyingi za kwetu spika haina mahali pake. Runinga ina meza, maua ya plastiki yana stuli, hata kifaru cha mpingo kilicholetwa siku ya harusi kina kona yake ndani ya kabati la vioo. Spika hupewa nafasi iliyobaki: moja juu ya kabati, karibu na dari, nyingine sakafuni nyuma ya kochi, zote mbili zimefunikwa vitambaa vya kufuma vinavyofanana na vya makochi. Niliwahi kukaa katika sebule ya namna hiyo nikimsikiliza mwenye nyumba, mtu mzima ninayemwita kaka, akilalamika kwamba spika alizozinunua zilikuwa tamu dukani na chungu nyumbani. Alikuwa tayari kununua amplifaya mpya.

Nilimwomba ruhusa ya kujaribu jambo moja. Tulichukua viti viwili vya mezani, tukaviweka hatua moja kutoka ukutani, tukapandisha spika juu yake na kuongeza vitabu chini ya kila moja, vitambaa tukavikunja pembeni. Shemeji alitoka jikoni akauliza ile redio nyingine imetoka wapi.

Viti vile ndivyo vilikuwa stendi yao ya kwanza. Havikuwa vizito, havikuwa na miiba ya chuma miguuni, wala hakuna mtu aliyeviundia nadharia. Viliipeleka spika mahali inapotakiwa kuwa, basi. Katika swali zima la stendi hilo ndilo ninaloliweka mbele: kazi ya kwanza ya stendi ni mahali, ya pili ni kutoanguka, ya tatu ni kutolia yenyewe. Anayeuza stendi hupenda kuanza na ya tatu, kwa sababu mahali hapauziki.

Jina la spika ndogo nalo limechangia kupotosha. Wenye Kiingereza chao waliziita spika za rafu ya vitabu, na wengi tumelichukua neno hilo kama maagizo ya matumizi. Chanzo chake ni Marekani. Mwaka 1954, katika mji wa Cambridge, Massachusetts, Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research na kuleta spika iliyoitwa AR-1. Kabla ya hapo aliyetaka besi ya kushiba alihitaji kasha kubwa kama friji. Villchur alilifunga kasha lisipitishe hewa, akaiacha hewa iliyofungiwa humo ifanye kazi ya springi ya kuirudisha koni, na kwa ujanja huo kasha la kuwekwa rafuni likatoa besi iliyowashangaza wenye makasha ya friji. “Rafu” ilikuwa njia ya kusema kwamba kitu hiki ni kidogo, hakitakula sebule yako. Haikuwa ahadi kwamba rafuni ndipo kitakapoimba vizuri.

Hadithi mbili nyingine zinaonyesha jinsi spika ndogo inavyofuata mahali ilipowekwa. Ya kwanza ni ya BBC, shirika ambalo wasikilizaji wa Kiswahili wamelijua kwa sauti tangu idhaa yetu ilipoanza mwaka 1957. Katikati ya miaka ya 1970 wahandisi wake walitengeneza LS3/5A, kasha la takriban sentimita 30 kwa 19 kwa 16, kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ambako fundi mitambo hakuwa na nafasi ya spika kubwa na alichoka kuvaa vifaa vya masikioni kutwa nzima. Ya pili ni ya Yamaha NS-10, ile yenye koni nyeupe. Ilitoka mwaka 1978 kama spika ya nyumbani, ikapokewa kwa ubaridi, kisha mafundi wa studio wakaichukua na kuiweka juu ya ukingo wa meza ya kuchanganyia sauti, mara nyingi imelazwa. Yamaha wenyewe walipotoa toleo la studio waliigeuza alama ya jina ili isomeke spika ikiwa imelala. Kasha ambalo nyumbani lilionekana halina kitu likawa kifaa cha kazi katika studio za dunia nzima, na halikuacha kutengenezwa hadi mwaka 2001. Mengi yalibadilika katika safari hiyo, lakini moja lilikuwa umbali: fundi alikaa karibu nayo, macho kwa macho, na meza iliyokuwa chini yake ikiakisi sauti.

Tuje kwenye urefu. Spika ndogo ya kawaida ina vinywa viwili. Juu kuna kidogo, ambacho mafundi wetu hukiita twita, kinachotoa sauti nyembamba. Chini yake kuna wufa, kinachobeba sauti nzito na sehemu kubwa ya sauti ya mtu. Mahali fulani, tuseme kwenye mitetemo 3,000 kwa sekunde, vyote viwili vinaimba noti ileile kwa wakati mmoja, kimoja kikishuka na kingine kikipanda. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo wimbi la mitetemo 3,000 lina urefu wa sentimita 11 na ushei. Kama kati ya twita na wufa pana sentimita 15, sikio lililo juu sana au chini sana litapokea sauti ya kimoja ikiwa imechelewa nyuma ya kingine. Ikichelewa nusu ya wimbi, yaani kama sentimita 5 na nusu, mawimbi hayo mawili yanafutana. Sehemu inayofutika ndiyo inayobeba konsonanti za mwimbaji na ukali wa nyuzi za kanuni katika taarab. Besi inabaki, shangwe inabaki, maneno yanapotea.

Hapa inafaa kupiga hesabu, kwa sababu hesabu inapunguza woga na pia inaondoa ubishi. Mtu amekaa mita mbili na nusu kutoka kwenye spika, na spika imetengenezwa ili sauti zake mbili zikutane sawasawa kwenye usawa wa twita. Kosa la sentimita 20, juu au chini, linaleta tofauti ya njia ya sentimita moja na kidogo. Hasara yake ni kama nusu desibeli, kitu ambacho sikio la kawaida halikioni. Kosa la mita moja kwa umbali huohuo linafikia ile nusu ya wimbi, na mita moja juu ya sikio la aliyekaa ndipo ilipo twita ya spika iliyowekwa juu ya kabati la nguo au la vyombo. Kumbe kaka yangu hakuwa amenunua spika mbaya. Alikuwa ameipandisha hadi kwenye shimo.

Kwa hiyo mtu anayesumbuka kati ya stendi ya sentimita 60 na ya 65, na anakaa mita tatu kutoka kwenye spika, anajisumbua bure. Akae, ampe mwenzake kipimo cha fundi cherehani, apimwe kutoka sakafuni hadi sikioni. Kwenye kiti cha mezani ni karibu sentimita 110 au zaidi. Kwenye kochi la kawaida ni kama 95. Kwenye kochi lililochoka, lile ambalo mgeni akikaa anazama, linaweza kushuka chini ya 90. Atoe urefu wa kutoka kitako cha spika hadi katikati ya twita, mara nyingi kati ya sentimita 20 na 26. Kinachobaki ndicho kimo cha stendi. Kochi la 95 na twita ya 24 vinadai stendi ya 71. Kochi lililochoka linashuka hadi kwenye sitini na kitu. Stendi nyingi zinazokuja kutoka nje zina sentimita 60 hivi, na kwa anayekaa mita mbili na nusu kutoka kwenye spika zinatosha kabisa.

Mezani mambo ni mengine. Kijana anayehariri muziki kwenye kompyuta yuko sentimita 70 tu kutoka kwenye spika. Kwa umbali huo zile sentimita 20 zilizokuwa si kitu sebuleni zinakula zaidi ya desibeli 7 kutoka kwenye eneo lilelile la sauti. Anahitaji kuinua spika au kuitega uso juu. Kabari mbili za mbao chini ya ukingo wa mbele, zilizokatwa na seremala yeyote kwa bei ya soda, zitaielekeza twita kwenye sikio. Sponji nene ya godoro chini yake itazuia meza isigeuke ngoma, na katika hili sioni sababu ya kununua kitu chenye jina.

Urefu una jambo la pili, nalo ni sakafu. Sauti inayotoka kwenye wufa hugonga sakafu njiani kisha ikafika sikioni imechelewa. Wufa ikiwa sentimita 80 kutoka chini, sikio 95 na umbali mita mbili na nusu, njia ya kupitia sakafuni inazidi ile ya moja kwa moja kwa sentimita 55 hivi, na pengo linatokea karibu na mitetemo 310 kwa sekunde. Ishushe wufa hadi sentimita 50 na pengo linahamia karibu na 490. Halijaisha, limehama tu. Zulia jembamba halilizuii kwenye mitetemo hiyo, na mkeka ndiyo kabisa. Vinasaidia kwenye sauti nyembamba zinazorushwa na marumaru, ambazo nazo ni kero, lakini ni kero nyingine. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaouza kimo fulani cha stendi kama dawa ya sakafu. Hakuna kimo cha namna hiyo.

Ukuta ndio wenye neno kubwa zaidi, na hapa nyumba zetu zinatofautiana na nyumba ambazo vitabu vingi vya sauti viliandikiwa. Nyumba ya Marekani ya mbao na kuta za bodi za jasi huvujisha besi. Ukuta unatetemeka, nishati inatoka nje au inageuka joto. Sebule ya matofali ya simenti yaliyopigwa plasta haiachii kitu. Besi inayotoka inarudi, inarudi tena, na katika chumba cha mita nne inasimama kwenye mitetemo 43 kwa sekunde kama mgeni asiyejua kuaga. Madirisha yaliyo wazi yenye nyavu huokoa kiasi. Ukuta ulio nyuma ya spika peke yake unaweza kuongeza hadi desibeli 6 kwenye besi ya chini kabisa, na kona inaongeza zaidi. Ndiyo maana spika iliyosukumwa kwenye pembe ya sebule ya Kinondoni au Likoni inavuma kuliko ileile iliyopimwa na waandishi wa majarida ya London. Mwenye nyumba hulaumu spika, halafu ananunua sabufa, halafu jirani anagonga ukuta.

Stendi ndiyo inayompa mtu uhuru wa kuondoka ukutani. Kabati halihami, stendi inahama. Kwa uzoefu wangu, uso wa spika ukiwa kati ya sentimita 50 na 80 kutoka ukutani, sebule ya tofali inaanza kutulia. Si kwamba kuna umbali usio na dosari. Ukiuweka uso wa spika sentimita 60 kutoka ukutani, sauti inayoenda nyuma na kurudi inachelewa mita 1 na sentimita 20, na inachimba shimo karibu na mitetemo 143. Ukisogeza hadi mita nzima, shimo linashuka hadi 86. Unachagua shimo lako. Mtu asikilize gitaa la besi la wimbo wa dansi anaoujua, wa Mlimani Park au wa Msondo, mpigaji akipanda na kushuka noti baada ya noti, huku mwenzake akisogeza stendi kiganja kimoja kimoja. Mahali ambapo noti zote zinasikika kama zimepigwa na mkono mmoja, hapo apige alama ya chaki sakafuni. Spika yenye tundu la besi kwa nyuma inadai pia nafasi ya kupumua. Ikiwa lazima ibaki karibu na ukuta, soksi safi iliyokunjwa na kusokomezwa kwenye tundu hilo hufanya kazi nzuri kuliko inavyostahili kwa bei yake.

Sasa kuanguka. Nimeona makala nyingi za nje zinazoligusa jambo hili kwa sentensi moja, na naelewa: zimeandikiwa mtu mzima anayesikiliza peke yake katika chumba chenye mlango. Sebule yetu ni barabara. Watoto wanakimbia, shangazi anapita na sinia, feni ya kusimama inahamishwa, kila asubuhi mtu anadeki. Spika ya kilo 6 juu ya stendi nyepesi ya kilo 5, kitako chake kikiwa na upana wa sentimita 25, itaanza kuinuka ikisukumwa sehemu ya juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo moja na nusu hivi. Mtoto wa miaka mitatu anayejishika asianguke anazidi hapo. Ukijaza mchanga kilo 9 kwenye nguzo, nguvu inayohitajika inapanda karibu na kilo 3. Ukiacha mchanga lakini ukapanua kitako hadi sentimita 35, unapata kama kilo mbili na robo tu, ila stendi inaweza kuinama zaidi kabla ya kupita hatua ya kurudi. Fanya yote mawili na unakaribia kilo 4. Kwa nyumba yenye watoto sitaki kusikia habari ya stendi isiyo na vyote viwili. Na spika yenyewe ishikwe juu ya stendi: vipande vinne vya ule udongo wa kunata wa kubandikia karatasi ukutani, au mpira mwembamba, kwa sababu spika inayoteleza na kuanguka peke yake haisaidiwi na uzito wa stendi iliyobaki imesimama. Waya upite nyuma ya nguzo na kufungwa, usiachwe ukining'inia kama kamba ya mbuzi.

Ni mchanga huohuo unaotupeleka kwenye suala la tatu, la stendi inayolia. Gonga bomba la chuma tupu kwa kifundo cha kidole: linajibu. Spika nayo hulibishia hodi mara mia kwa sekunde. Koni ya gramu 12 inaposonga mbele milimita 4, kasha la kilo 6 linataka kurudi nyuma kwa mikroni 8, kwa sababu uzito wake ni mara 500 ya koni. Unywele wa mtu una unene wa mikroni kama 70, kwa hiyo tunazungumzia sehemu ya unywele. Wapo wanaosema mtikisiko huo unaichafua twita, ambayo nayo husonga kwa vipimo vidogo hivyohivyo. Inawezekana, lakini sijawahi kukutana na mtu aliyelitambua hilo macho yamefungwa. Ninachokitambua mwenyewe, na fundi yeyote anaweza kukitambua, ni nguzo tupu inayoimba noti yake moja kila ngoma inapopigwa.

Mchanga hauruhusu wimbo huo. Chembe zinasuguana, mtikisiko unageuka joto, bomba linajibu kwa sauti fupi kama gunia. Bomba la mraba la inchi nne, mafundi wa Gerezani wanaliita skwea paipu, lenye kimo cha sentimita 60, linameza karibu lita 6, nazo ni kilo 9 na zaidi za mchanga mkavu. La inchi mbili linameza kilo mbili na kitu, na bado linanyamaza vizuri. Ila mchanga uwe wa mto, uliochekechwa na kuanikwa juani siku mbili au kukaangwa kwenye karai hadi usitoe mvuke. Wakazi wa pwani wana kishawishi cha kuchota ufukweni, bure na mweupe. Ule una chumvi, chumvi inavuta unyevu, na bomba litaliwa na kutu kutoka ndani, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki. Fundi mmoja alinionyesha njia yake: anautia mchanga kwenye tubu kuukuu ya pikipiki, anaifunga ncha zote mbili, anaisukumia ndani ya bomba. Mchanga hauigusi chuma kabisa, na mpira wenyewe unaongeza ukimya. Sijaona wazo hilo kwenye stendi yoyote ya dukani.

Fundi huyohuyo, nilipompelekea mchoro wangu, aliutazama kwa muda kisha akauliza, “Bosi, hii stendi ni ya maua au ya ndoo ya maji?” Nilipomwambia ya spika alicheka, akasema mwenye ndoo angelipa zaidi. Lakini alikata bomba, akachomelea pleti ya chini na ya juu, akasawazisha kwa grainda, akapaka rangi ya kuzuia kutu kisha nyeusi. Kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa karakana yoyote ya kuchomelea, Gerezani, Gikomba au kando ya barabara ya mji mdogo, na ndiyo sababu naona ugumu kumshauri mtu wa huku anunue stendi ya kuagiza isipokuwa anataka sura yake. Vipimo vya kumpa fundi ni vichache: kimo, pleti ya juu iliyo ndogo kidogo kuliko kitako cha spika ili isiweke ukingo mbele, pleti ya chini ya sentimita 35 kwa 30 yenye unene wa milimita 5 au 6, na tundu la kujazia lenye kifuniko. Kosa ninaloliona mara nyingi ni pleti ya juu kubwa kupita kiasi, inayojitokeza kama meza mbele ya wufa na kurusha sauti juu. Inapendeza kwa kuwekea rimoti, na rimoti zitawekwa.

Mbao ina wapenzi wake, nami ni mmoja wao. Seremala wa Keko akikuundia stendi ya mninga utapata kitu kitakachobaki kwenye nyumba baada ya spika zenyewe kufa. Mninga hautanuki wala kusinyaa sana na hali ya hewa, na huo ni wema mkubwa Dar es Salaam au Mombasa, ambako mlango uliofunga kiangazi hukataa kufunga masika. Mkongo na mtiki ni nzuri pia. Mpingo, ambao mafundi wa Ulaya huutengenezea klarineti na obo, ni mzito kiasi cha kuzama majini, lakini unakua polepole mno na una kazi bora kuliko kubeba kasha la mbao za kubandika. Mbao nene haihitaji mchanga. Inanyonya mtikisiko yenyewe, mradi miguu isiwe myembamba kama ya stuli ya baa. Ninachokiogopa ni ubao wa unga uliokandamizwa na kufunikwa karatasi ya rangi, ambao ndio unaotumika kwenye stendi nyingi za bei nafuu. Maji ya kudeki yanapenya kwenye ukingo wa chini, ubao unavimba kama andazi, na baada ya mwaka stendi imeinamia upande. Iwe mbao au chuma, kitako kiinuliwe sentimita moja au mbili kutoka sakafuni ili dekio lipite na maji yakauke.

Kuinua huko ndiko kunakoleta mjadala wa miiba. Stendi za Uingereza za miaka ya 1980 zilikuja na miguu iliyochongwa ncha kama penseli, na ikajengeka imani kwamba ncha hizo zinashikanisha spika na dunia. Sababu yake ya msingi ilikuwa ya kawaida tu. Nyumba za kule zina mazulia manene juu ya sakafu ya mbao, na stendi iliyokaa juu ya zulia inayumba. Ncha inapenya hadi kwenye mbao. Huku, stendi inakaa juu ya saruji au marumaru. Hakuna zulia la kutoboa. Stendi ya kilo 20 juu ya ncha nne inabonyeza kilo 5 kwenye eneo la kichwa cha pini, na kigae kikiwa na uwazi chini yake kinapasuka. Watu huweka sarafu chini ya ncha ili kulinda kigae, maana yake wamenunua ncha halafu wakanunua kitu cha kuizuia isiwe ncha. Wenye studio, kwa upande wao, huweka mpira au sponji ili mtikisiko usiteremke kwenye meza na sakafu. Kambi mbili, mafundisho yanayopingana, na kila moja inadai imesikia besi ikisafishwa. Kwenye ghorofa mimi niko na kambi ya mpira, kwa ajili ya jirani wa chini zaidi kuliko kwa ajili ya besi. Kwenye nyumba ya chini, mpira wa unene wa sandali ya matairi unatosha.

La maana zaidi kuhusu miguu ni idadi. Sakafu yetu mara chache imenyooka, na miguu minne juu ya sakafu yenye mgongo hucheza. Mafiga huwa matatu kwa sababu hiyo. Miguu mitatu haichezi kamwe, ila inapunguza eneo la kusimamia: stendi inayosukumwa kuelekea pembe isiyo na mguu inaanguka mapema. Nyumba ya watoto ichague minne yenye nati za kurekebisha, nyumba ya watu wazima pekee inaweza kufurahia mitatu.

Kuna njia ya mkato ambayo sijaiona kwenye duka lolote. Tofali la inchi sita likilazwa lina kimo cha sentimita 15, na lingine likisimamishwa juu yake lina 45. Jumla ni 60, kimo kilekile cha stendi za kuagiza, na uzito wa zaidi ya kilo 50 usiolia hata ukigongwa kwa nyundo. Rafiki yangu amejengea mawili mawili kwa udongo wa saruji, akayapiga plasta na chokaa, juu akaweka kipande cha mkongo. Ni stendi nzuri kuliko zangu. Hazihami, na mke wake ana maoni yake. Lakini yasijengwe makavu bila saruji kati yake. Tofali likimwangukia mtoto mguuni hakuna muziki utakaofidia.

Asiye na sakafu ya kutosha, na katika chumba kimoja cha kupanga sakafu ni kitanda, ana mkono wa chuma wa kupachika ukutani. Ukuta wa tofali unaubeba bila shida kwa bolti za kutanuka. Hasara ni kwamba spika inarudi kwenye ukuta na besi yake inavimba, kwa hiyo ichaguliwe spika iliyofungwa au yenye tundu mbele, na mkono uwe wa kuelekezwa chini kuelekea sikio. Mtu huyu asihisi amekosa kitu kikubwa. Twita iliyoelekezwa vizuri kutoka ukutani inaishinda ile iliyo juu ya stendi ya gharama inayotazama magoti ya msikilizaji.

Kaka alipata stendi zake mwezi uliofuata, za inchi mbili zenye tubu ndani, kimo sentimita 66 kwa sababu kochi lake ni la enzi za harusi yake. Nilipita juzi. Alama za chaki zimefutika kwa kudekiwa, lakini shemeji ameweka vipande vya utepe mweusi sakafuni badala yake, na anajua mtu akizisogeza. Vitambaa vimerudi juu ya spika. Amevipunguza kwa mbele, safu nne za uzi, ili visining'inie mbele ya twita.